Nyumba Isiyopokea Msiba

Siku Bibi Kalunde alipomwita "mjukuu wangu kipenzi," Nyemo alijua kuna jambo limeharibika.

Tangu azaliwe hakuwahi kuitwa hivyo na yule bibi. Bibi Kalunde alikuwa Mnyamwezi wa Urambo aliyeolewa Ugogo, kwa hiyo wajukuu zake wote walikuwa watani wake mara mbili: kwanza kwa ujukuu, pili kwa kabila. Ukimtembelea kwake Bahi hakuulizi habari za safari. Anakwambia ng'ombe wenu wana akili kuliko ninyi, kisha ndipo anakuvutia kigoda ukae. Siku Nyemo anaolewa, bibi huyo huyo alisimama mbele ya wageni akamwonea huruma bwana harusi, akasema binti ugali wake hata mbwa huuzunguka kwanza kabla hajaamua. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nyemo naye akamjibu kwamba ugali huo alifundishwa na mchawi mmoja wa Urambo. Ndivyo walivyopendana.

Sasa bibi yule, kwenye simu, anamwambia: "Mjukuu wangu kipenzi, umelala salama? Kula vizuri, pumzika, usiwaze kitu."

Nyemo akaitazama simu kama mtu aliyepewa chenji ya nchi nyingine. Akajibu ndiyo bibi, asante bibi, akakata. Bangili iliyokuwa kwenye mkono wake wa kushoto ilikuwa bado kijani.

Ile bangili ndiyo ilikuwa bwana wa Nyumba ya Utulivu. Kila mwanamke aliyelazwa katika kituo cha Kitalu, pembeni kabisa mwa Dodoma, alivishwa ya kwake siku ya kuingia, na haikutoka mpaka siku ya kupimwa mimba. Ilisoma damu kupitia ngozi, ikajua umelala vipi, umekula nini, moyo umedunda kwa sababu gani. Kijani, uko sawa. Njano, muuguzi anakuja na chai ya mchaichai na maneno laini. Nyekundu, upandikizaji unaahirishwa, na kiinitete chako, ile mimba changa iliyotungwa maabara, kinabaki kwenye tangi la baridi kali kikisubiri siku ambayo pengine haitafika.

Bima ya taifa ililipa kila senti, na ndiyo maana bima iliweka masharti. Hakuna televisheni ya habari. Hakuna mgeni ila mume, tena Alhamisi, tena bustanini. Hakuna simu isiyopita kwa Faraja. Faraja ilikuwa mashine iliyosikiliza simu zote za nyumba ile na kuzichuja: ikiondoa kelele, ikipunguza ukali, ikimkata shemeji anayeanza kuomba. Wanawake waliijua kazi hiyo na hawakuichukia. Somoe, mwenzake wa chumbani kutoka Lindi, alisema laiti angekuwa na Faraja miaka yote aliyokaa na mawifi zake, angekuwa na watoto kumi.

Kwa hiyo Nyemo alijaribu kujituliza. Akajiambia huenda Faraja imeyachuja matusi ya bibi kwa kuyadhania ni matusi. Mashine iliyotengenezwa na watu wasio na watani itajuaje? Akaamua kuipima. Jioni akapiga simu mwenyewe.

"Hujambo, mchawi mkuu wa Urambo," akasema. "Nimeota umekwama kwenye ungo."

Bibi Kalunde wa kweli angemjibu kabla hajamaliza. Angemwambia ungo wenyewe umeelemewa na mzigo wa ujinga wa Wagogo. Huyu wa kwenye simu alisubiri amalize, kisha akasema kwa sauti ile ile ya kukwaruza, na kikohozi kile kile katikati, kwamba anampenda, na kwamba maneno mazito hayafai kwa mtu anayetarajia mtoto.

Kuchuja ni kupunguza. Hiki hakikuwa kimepunguzwa, kilikuwa kimetungwa.

"Bibi," Nyemo akauliza polepole, "umekufa?"

"Nipo, mjukuu wangu kipenzi," ikajibu sauti. "Nipo nawe siku zote."

Bangili ikageuka njano.

*

Hezron alikuja Alhamisi na maua ya bogenvilia, kama kawaida yake, na tabasamu alilolifanyia mazoezi njiani. Alikuwa fundi wa pampu za visima, mwanamume mpole asiyejua kudanganya, na ndiyo maana Nyemo hakumzungusha. Alimkalisha kwenye benchi, akamwuliza bibi amezikwa lini.

Tabasamu likamwanguka. Alijaribu kusema bibi anaumwa kidogo tu, amezidiwa, yuko hospitali. Nyemo akamtazama. Hakuna Mtanzania asiyejua maana ya maneno yale. Kwetu msiba hausemwi kwa simu. Mtu akiwa mbali anaambiwa mama hajisikii vizuri, njoo, na nauli inatumwa, na anayetumiwa nauli anaanza kulia kabla hajafunga begi, ila wote wanaendelea kuuita ugonjwa mpaka afike uani akute turubai na viti vya kukodi. Ni adabu yetu, na ina sababu yake. Hutaki mtu aanguke barabarani peke yake.

Waliotengeneza Faraja walikuwa watoto wa nchi hii hii. Waliichukua adabu hiyo wakaitia kwenye mashine. Tofauti ni kwamba sisi tulificha ili mtu afike msibani salama. Faraja ilificha ili asifike kabisa.

Hezron alieleza yote, macho yakiwa chini. Bibi alifariki Jumatatu alfajiri. Watu wa kituo walimpigia wakampa pole, kisha wakamweleza kwa upole sana kwamba huu ni mzunguko wa mwisho ambao bima itamlipia mke wake, kwamba kiinitete kilichobaki ni kimoja, na kwamba kwa hali kama hizi ipo huduma ya sitara, ambapo Faraja huongea kwa sauti ya marehemu. Wakamwuliza anaonaje. Akaona mke wake akilia miaka yote ile, mwezi baada ya mwezi. Akakubali.

"Mazishi ni lini?" Nyemo akauliza.

"Kesho. Walikuwa wanasubiri watu wa Urambo." Akafuta uso kwa kiganja. "Nyemo, upandikizaji ni keshokutwa. Nilifikiri nikuache uupate kwanza. Ungenichukia baadaye, lakini ungenichukia ukiwa na mtoto."

Hapo ndipo Nyemo alipolia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti ya msibani, ile inayotoka tumboni na kuwafanya watu wa nyumba ya tatu watoke nje, na bangili ikawaka nyekundu mpaka maua ya Hezron yakaonekana yameungua. Wauguzi wawili wakaja mbio na chai ya mchaichai. Nyemo akawaambia wainywe wao, kisha wampeleke kwa daktari.

*

Daktari Kemilembe alikuwa mkuu wa kituo, mama wa makamo kutoka Bukoba, mwenye mikono midogo iliyosifika nchi nzima. Ilisemekana akikupandikiza hata husikii mrija ukipita. Alimpokea Nyemo kwa heshima, akampa pole ya msiba, na kwa kweli ilikuwa pole ya moyoni. Nyemo hakuipokea. Aliuliza nani aliyempa ruhusa ya kumsemesha maiti.

Daktari akaanza kueleza kama wanavyoeleza madaktari wanapokuwa hawana la kujitetea. Alisema mafanikio ya kazi ile yanategemea mambo mengi. La kwanza na kubwa kuliko yote ni umri wa yai siku lilipotolewa, na mayai ya Nyemo yalitolewa akiwa bado kijana kiasi, kwa hiyo hapo hana shaka. La pili ni kiinitete chenyewe, kimegawanyika vizuri au kimelegea. Chake ni kizuri. La tatu ni ukuta wa mji wa mimba, unene wake na siku yake, kwa maana mji wa mimba una siku chache tu za kupokea mgeni, na ukichelewa unakuta mlango umefungwa. Kuna sigara, kuna uzito, kuna mkono wa anayepandikiza. Na baada ya hayo yote kuna bahati, ambayo hakuna chuo kinachoifundisha.

"Na huzuni?" Nyemo akauliza. "Iko ya ngapi?"

"Faraja inaiweka juu," daktari akasema. "Wanawake waliobaki kijani wamefanikiwa zaidi. Takwimu zetu ziko wazi."

"Na wale waliogeuka nyekundu?"

"Hao waliahirishwa."

"Wote?"

"Wote."

Nyemo alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, si mtu wa kuogopa takwimu. Akalifikiria jibu lile kidogo, na hasira iliyokuwa imetawanyika mwili mzima ikakusanyika mahali pamoja.

"Kwa hiyo, daktari, hamjui," akasema. "Hamjawahi kumpandikiza mwanamke anayelia hata mmoja. Mnawatoa mlangoni wenye misiba, wenye waume walevi, wenye njaa kwao, mnabaki na waliotulia, kisha mnasema utulivu ndio unaozaa. Ni sawa na mwalimu anayewafukuza wanafunzi dhaifu kabla ya mtihani, halafu anajisifu darasa limefaulu."

Daktari Kemilembe alikiri kwa sauti ya chini kwamba tafiti za kwingine hazikuona huzuni ya kawaida ikizuia mimba. Wanawake wameshika mimba vitani, wameshika njaani. Lakini bima inakipima kituo kwa asilimia, asilimia ikishuka fedha zinakatwa, na zikikatwa hata wale wanaopandikizwa sasa hawatapandikizwa. Alikuwa anawalinda wengi kwa kuwaacha wachache. Alisema hivyo bila kujisifu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka.

Hapo Nyemo alimwonea huruma, ila hakulegea. Alisema wahenga waliposema mficha uchi hazai walijua wanachosema. Kituo hiki kinataka watu wazae kwa kufichwa wao.

"Kesho nakwenda Bahi kumzika bibi yangu. Dawa zangu za homoni nitazinywa kwa wakati wake, sitaruka hata moja. Keshokutwa asubuhi nitakuwa hapa, nikiwa nalia. Ulikuwa hujampata mwanamke anayelia, daktari. Basi umempata."

Daktari alimwambia mlango uko wazi, hakuna anayefungwa Kitalu. Lakini Faraja ikishasoma nyekundu, tangi linajifunga. Linaweza kufunguliwa kwa mkono wa daktari mkuu peke yake, na daktari mkuu akilifungua atajieleza mbele ya bima, na huenda asirudi tena kwenye kiti kile. Hakusema atafanya. Hakusema hatafanya pia. Nyemo akatoka na hilo tu mkononi, akaenda kufungasha khanga zake.

*

Bahi ilikuwa imejaa. Watu wa Urambo walikuwa wamefika, na uani kulikuwa na masufuria ya pilau yaliyokaa kama matanki. Nyemo alishuka kwenye gari la Hezron, akafunga khanga kiunoni, na kabla hajasalimiana na mtu akaifanya kazi yake ya mtani, ambaye ndiye mwenye ruhusa ya kufanya vituko msibani.

Jeneza lilipotolewa alilala njiani kifudifudi akalizuia lisipite. Akatangaza kwamba bibi huyu hazikwi mpaka aombe radhi kwa kila alichowahi kusema juu ya ugali wake. Akainuka, akachukua fimbo ya mzee mmoja, akatembea mwendo wa Bibi Kalunde, kiuno upande, akikohoa kile kikohozi, akiwatukana waombolezaji mmoja mmoja kwa majina: wewe pua, wewe deni, wewe uliyekuja kwa ajili ya nyama. Watu walicheka huku wanalia. Mdogo wa marehemu, Mzee Kasubi, alicheka mpaka akashikwa mabega. Nyemo alikuwa anacheza huku machozi yanamwagika, na hakujua lipi limeanza lipi limefuata.

Walipofika kaburini, jeneza likashushwa. Koleo la kwanza la udongo likaanguka juu ya mbao, na sauti ile ikamkata. Bangili ikawaka nyekundu, ikaanza kutetemeka, na kwa kuwa hapakuwa na muuguzi wa kuja, na ilikuwa imefundishwa kumtuliza mwenye kuivaa kwa sauti anayoipenda kuliko zote, ikafanya ilivyofundishwa.

"Mjukuu wangu kipenzi," ikasema sauti ya Bibi Kalunde, wazi, mbele ya kaburi la Bibi Kalunde. "Tulia. Vuta pumzi. Nipo nawe."

Mwenye koleo aliliachia. Mama mmoja alianza kusali kwa sauti, na watu wa nyuma wakarudi hatua kadhaa wakitazama jeneza. Mzee Kasubi alikuwa ameshika kifua, akimtazama Nyemo kama anayeomba aelezwe jambo ambalo hataki kulijua.

Nyemo angeweza kuificha ile bangili chini ya khanga. Hezron alikuwa tayari anamvulia koti lake amfunike. Lakini alikuwa amechoka kufunikwa. Aliunyanyua mkono juu, watu wote wakaiona ile taa nyekundu, akawaambia ukweli: kwamba yeye anatafuta mtoto kwa njia ya hospitali, kwamba hana aibu nalo, na kwamba kitu hiki ndicho kilichokuwa kikimwambia kila siku bibi yuko hai wakati wao wanamchimbia kaburi. Sauti ikaendelea kumbembeleza, tulia kipenzi, tulia.

Akaomba kisu. Binamu mmoja akampa kile walichokatia kamba za jeneza. Ukanda ulikuwa mgumu, ukamkwaruza mpaka damu ikatoka, lakini ulikatika.

"Kama wewe ni bibi," akaiambia bangili, "lala na bibi."

Akaitupa kaburini. Ilisema neno moja zaidi, likazibwa na udongo. Kisha Mzee Kasubi alichukua koleo mwenyewe, pamoja na umri wake, akafukia kwa nguvu ya mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. Nyemo alilia mpaka akamaliza siku hiyo, akazungukwa na wanawake wa Bahi na wa Urambo, na walipomwona anameza vidonge vyake saa ilipofika, mmoja wao alimshikia kikombe cha maji bila kuuliza.

*

Asubuhi ya kupandikizwa alifika Kitalu macho yamevimba na udongo wa Bahi kwenye pindo la khanga. Faraja haikuwa na cha kumsoma, na isichokisoma hukihesabu kuwa hatari. Tangi lilikuwa limefungwa. Kwenye skrini ya mapokezi kulikuwa na jina lake na neno moja: ameondolewa.

Alikaa chini, kwenye sakafu ya mapokezi, akanyoosha miguu kama watu wanavyokaa msibani. Mlinzi alimsihi akae kwenye kiti. Alikataa. Wanawake wa Nyumba ya Utulivu walikuwa wameshasikia, maana hakuna ukuta unaozuia habari, wakaanza kuchungulia mmoja mmoja. Somoe alitoka akaja kukaa kando yake sakafuni, akamwekea mkono begani. Bangili yake ikageuka njano. Akaiangalia, akauacha mkono pale pale.

Daktari Kemilembe alikuja akiwa amevaa nguo za chumba cha upasuaji. Alisimama akawatazama wale wawili sakafuni, na wengine waliokuwa wanazidi kutoka. Nyemo hakuomba. Alishaomba miaka yote. Alisema tu kwamba ukuta wa mji wa mimba haujui mambo ya bima, na siku yake ni leo.

Daktari akamwambia mlinzi afungue milango yote miwili ya maabara, na azime sauti ya Faraja katika jengo zima, na akiulizwa ni amri ya nani ataje jina la Kemilembe lote, la kwake na la baba yake.

Chumbani alitaka kumpa dawa ya kumtuliza. Nyemo akakataa. Akasema atakuja mtoto au hatakuja, lakini akija akute mama yake ni mtu aliyefiwa, kwa sababu ndivyo alivyo. Daktari akaiweka sindano pembeni. Mikono yake midogo ilifanya kazi, na kwenye skrini kikaonekana kinukta cheupe kikitoka kwenye mrija na kutua mahali pake, kidogo kuliko punje ya ulezi. Kwa kweli Nyemo hakusikia chochote.

"Siwezi kukuahidi, mdogo wangu," daktari akasema.

"Sikukuomba uniahidi. Siku ya majibu uniambie mwenyewe, kwa mdomo wako, lolote litakalokuwa."

Hezron aliruhusiwa kuingia. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamshika mkono, ule wenye alama ya kisu. Nyemo akaona kuna neno analizuia. Akamwambia aliseme.

"Bibi alikuulizia," Hezron akasema. "Jumapili. Alikuwa bado ana nguvu ya kuongea. Aliuliza mbona huji, nikamwambia uko safarini, hupatikani. Nilijua ukiitwa ungefika, na upandikizaji ungeahirishwa. Akasema basi, akageukia ukutani." Akauinamia mkono wa mkewe. "Nilitaka kukuficha hilo mpaka majibu. Nimeshindwa."

Daktari alikuwa bado chumbani. Muuguzi alikuwa mlangoni na trei mkononi. Nyemo aliufungua mdomo, kilio kikamtoka chote, kirefu, kikatoka mpaka ukumbini walikokuwa wenzake. Aliushikilia mkono wa mumewe akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.